Leseni ya Mlinzi wa Mlangoni Nchini Uingereza: Hatua, Gharama na Tahadhari

Katika kumbi nyingi za starehe nchini Uingereza, mtu wa kwanza anayekutana na mgeni si mhudumu wa baa wala mpiga muziki, bali ni mlinzi aliyesimama mlangoni. Wengi wetu tumezoea kumwita baunsa. Jina hilo humfanya msikilizaji afikirie misuli na sauti nzito, lakini sheria ya nchi hiyo humtazama mtu huyu kwa jicho jingine. Ni mtu aliyesomea kazi yake, aliyechunguzwa na kupewa leseni, na anayeweza kunyang'anywa leseni hiyo akienda kinyume cha masharti.

Tumeandaa somo hili kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, au wanaojiandaa kwenda huko kwa masomo au kazi, ambao wameshawishiwa kujiunga na kazi hii. Ni kazi ya usiku, inayoweza kwenda pamoja na masomo ya mchana, wala haidai shahada. Kwa sababu hizo huwavutia wageni wengi, na penye wahitaji wengi matapeli hawakosekani. Sisi hatutoi leseni wala hatuendeshi kozi. Wajibu wetu ni kumwezesha mtumiaji kujua anachonunua kabla hajatoa fedha zake.

Msomaji akimaliza somo hili, tunatarajia aweze kueleza ni nani anayehitaji leseni, kufuata hatua za kuipata kwa mpangilio unaofaa, kutambua kozi ya udanganyifu, na kudai haki yake pale anapodhulumiwa.

Sheria inasema nini

Zamani, usajili wa walinzi wa milangoni uliachiwa mipango ya halmashauri za maeneo na polisi, na kila eneo lilikuwa na utaratibu wake. Mlinzi aliyekataliwa katika mji mmoja aliweza kuhamia mji mwingine na kuendelea na kazi. Hali hiyo ilibadilishwa na Sheria ya Sekta ya Ulinzi Binafsi ya mwaka 2001. Sheria hiyo ndiyo iliyounda mamlaka inayosimamia sekta hii, ambayo ilianza kazi mwaka 2003 na hujulikana kwa kifupi kama SIA. Leo leseni ya SIA hutambulika Uingereza nzima, ikiwamo Scotland na Ireland ya Kaskazini.

Leseni ya mlinzi wa mlangoni huhitajika kwa yeyote anayefanya kazi ya ulinzi mahali penye kibali cha kuuza vileo au kutoa burudani, wakati mahali hapo pamefunguliwa kwa umma. Kazi zenyewe ni kuamua nani aingie na nani asiingie, kuzuia fujo na uharibifu, na kuwalinda watu wasishambuliwe.

Wengi hukosea katika jambo moja. Mlinzi wa kawaida aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo, kwa mfano anayelinda ghala la kampuni yake mwenyewe, kwa kawaida hahitaji leseni. Mlinzi wa mlangoni wa baa au klabu huihitaji hata kama ameajiriwa na mwenye klabu bila kupitia kampuni ya ulinzi. Kwa hiyo, mwenye klabu akikuambia kwamba leseni haihitajiki kwa kuwa wewe ni mfanyakazi wake mwenyewe, amekosea, nawe ndiwe utakayeulizwa.

Kufanya kazi hii bila leseni ni kosa la jinai. Katika England na Wales adhabu inaweza kufikia kifungo cha miezi sita, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Anayewapeleka kazini walinzi wasio na leseni naye hutenda kosa.

Tunapaswa kuongeza neno jema: leseni ya mlinzi wa mlangoni humruhusu pia mwenye nayo kufanya kazi ya ulinzi wa kawaida, kama vile wa maduka, ofisi na maeneo ya ujenzi. Ndiyo maana watu wengi huichagua hii badala ya ile ya ulinzi wa kawaida pekee.

Masharti ya mwombaji

Kabla ya kulipia kitu chochote, mwombaji ajiulize maswali manne.

Swali la kwanza: je, ametimiza umri wa miaka 18? Chini ya hapo leseni haitolewi.

Swali la pili: je, ana haki ya kufanya kazi Uingereza? SIA huchunguza jambo hili. Haki ya kuishi nchini si lazima iwe haki ya kufanya kazi, na haki ya kufanya kazi yaweza kuwa na mipaka. Tutalirudia jambo hili tutakapozungumzia wanafunzi.

Swali la tatu: je, Kiingereza chake kinatosha? Mlinzi atapaswa kuzungumza na mtu aliyelewa, kuita gari la wagonjwa, na kuandika taarifa ya tukio ambayo huenda ikasomwa mahakamani. Vituo vya mafunzo hutakiwa kupima lugha ya mwanafunzi kabla ya kumpokea, na kiwango kinachotajwa ni B2 katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kituo kinachopokea fedha bila kumsikia mwanafunzi akizungumza hakijatimiza wajibu wake.

Swali la nne: je, amewahi kupatikana na hatia? Kosa la zamani halimfungii mtu mlango moja kwa moja. SIA huangalia aina ya kosa, uzito wake na muda uliopita, na vigezo vyake imeviweka wazi kwa umma. Mwenye historia ya makosa avisome kwanza, ndipo aamue kama atalipia kozi. Asiyefanya hivyo anaweza kufaulu mitihani yote kisha akanyimwa leseni, na fedha za kozi hazitarudi.

Hatua ya kwanza: huduma ya kwanza na kozi

Safari huanzia darasani wala si kwenye fomu. Tangu mwaka 2021, mwanafunzi hutakiwa kuwa na cheti cha huduma ya kwanza ya dharura kazini kabla ya kuanza kozi ya ulinzi wa mlangoni, na cheti hicho kiwe kimebakiza angalau miezi 12 kabla ya kumalizika muda wake. Vituo vingi huuza mafunzo haya mawili kwa pamoja. Si vibaya, mradi bei ya kila moja ionyeshwe.

Kozi yenyewe ina sehemu nne. Ya kwanza ni misingi ya kazi katika sekta ya ulinzi: sheria, afya na usalama, moto, uandishi wa taarifa, na utambuzi wa dalili za ugaidi. Ya pili ni kazi ya mlangoni hasa: ukaguzi wa vitambulisho, upekuzi, dawa za kulevya, udhibiti wa umati, na ulinzi wa watu walio katika hatari, kama vile msichana aliyelewa na kupotezana na wenzake. Ya tatu ni kutuliza ugomvi kwa maneno. Ya nne ni mbinu za kumzuia mtu kwa mwili bila kumdhuru.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mlinzi afundishwe mambo mengi kiasi hiki. Jibu limo katika matukio ambayo Uingereza haijayasahau. Tarehe 22 Mei 2017 mlipuaji aliwaua watu 22 katika ukumbi wa Manchester Arena, na uchunguzi uliofuata ulipitia kwa kina kazi ya walinzi waliokuwa zamu usiku ule. Desemba 2022 umati ulijazana mlangoni mwa ukumbi wa O2 Academy, Brixton, jijini London, katika tamasha la mwanamuziki Asake kutoka Nigeria. Watu wawili walipoteza maisha, na mmoja wao alikuwa kazini kama mlinzi. Mlango wa ukumbi ni mahali ambapo uhai wa watu unaweza kuamuliwa kwa dakika chache, na uhai wa mlinzi ni mmojawapo.

Kwa sababu hiyo kozi haiwezi kumalizika kwa siku moja. Mafunzo ya darasani huchukua si chini ya siku sita, bila kuhesabu siku ya huduma ya kwanza. Baadhi ya masomo yanaweza kufundishwa kwa njia ya mtandao mbele ya mwalimu, lakini mbinu za kumzuia mtu hufundishwa ana kwa ana tu. Mitihani ni ya kuchagua jibu sahihi pamoja na majaribio ya vitendo, na majaribio ya kutuliza ugomvi na ya kumzuia mtu hurekodiwa kwa kamera ili taasisi inayotoa cheti iweze kuyakagua.

Jinsi ya kukitambua kituo cha kweli

Katika kukagua kituo, tunapendekeza mambo yafuatayo.

1. Uliza ni taasisi gani inayotoa cheti mwishoni, kisha wasiliana na taasisi hiyo mwenyewe, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, uhakikishe kwamba inakitambua kituo hicho. Usitosheke na nembo iliyobandikwa ukutani.

2. Tazama orodha ya watoa mafunzo kwenye tovuti rasmi ya serikali. Kituo kisichoonekana humo kitake maelezo.

3. Uliza ratiba: siku ngapi, saa ngapi, mwalimu nani, ukumbi gani. Anayekuambia kwamba utamaliza kozi nzima kwa siku moja au mbili, au kwamba utasaini mahudhurio ya siku ambazo hukuhudhuria, anakuuzia cheti cha uongo.

4. Uliza kama majaribio ya vitendo hurekodiwa. Anayesema kamera haihitajiki anakudanganya.

5. Kataa kabisa majibu ya mtihani yanayouzwa. Udanganyifu ukigunduliwa, cheti hufutwa na leseni iliyopatikana kwa cheti hicho inaweza kufutwa pia. Anayepoteza ni mwenye leseni. Aliyeuza majibu huwa ameshabadilisha nambari ya simu.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Siku nne za kazi zilizookolewa kwa kozi ya mkato zinaweza kumgharimu mtu miaka ya kazi halali.

Hatua ya pili: maombi ya leseni

Baada ya kufaulu, taasisi ya vyeti huipelekea SIA matokeo. Hapo mwombaji hufungua akaunti kwenye tovuti ya SIA na kujaza fomu yeye mwenyewe. Atatakiwa kutoa taarifa zake binafsi, anwani zote alizoishi katika miaka mitano iliyopita, na vitambulisho. Kisha hulipa ada na, kwa waombaji wengi wa mara ya kwanza, hupeleka vitambulisho na kupigwa picha katika ofisi ya posta iliyoteuliwa.

Ada iliyowekwa tangu Aprili 2023 ni pauni 184, na leseni hudumu kwa miaka mitatu. Msomaji ahakikishe kiasi hicho kwenye tovuti rasmi siku anayoomba, kwa kuwa ada hubadilika. Ada hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Zipo tovuti zinazofanana na ile ya serikali, na zipo ofisi zinazojitolea kukujazia fomu kwa malipo ya ziada. Hakuna anayeweza kuharakisha uamuzi wa SIA kwa kulipwa. Tena, mtu anayejaza fomu kwa niaba yako huishika barua pepe na neno lako la siri. Akiandika taarifa ya uongo, aliyesema uongo kisheria ni wewe.

Kwa walioishi nje ya Uingereza

Sehemu hii inawahusu wasomaji wetu wengi. Mtu aliyeishi nje ya Uingereza kwa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka mitano iliyopita hutakiwa kuleta uthibitisho wa kumbukumbu ya makosa kutoka kila nchi aliyoishi kwa kipindi hicho. Kwa aliyetoka Kenya, hati hiyo ni cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Kwa aliyetoka Tanzania, huombwa kwa Jeshi la Polisi. Aliyefanya kazi katika nchi za Ghuba kabla ya kufika Uingereza atahitaji hati ya huko pia, na hiyo ndiyo huchelewesha watu, hasa kama waliondoka zamani kidogo.

Hati iliyoandikwa kwa Kifaransa, kama zile za Kongo au Burundi, au kwa Kiarabu, huhitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Tunashauri mwombaji aanze kutafuta hati hizi kabla ya kulipia kozi. Wapo waliomaliza mafunzo wakakaa miezi wakisubiri karatasi moja kutoka nyumbani, huku mkopo wa kozi ukiendelea kudaiwa.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewasili kutoka Mombasa miezi mitatu iliyopita. Rafiki anamtumia tangazo: kozi ya siku mbili, leseni imehakikishwa, kazi ipo tayari Ijumaa ijayo, malipo ya kila kitu ni kwa mkupuo, kwa fedha taslimu au kwa kutuma benki, kwa jina la mtu binafsi. Nauli yake imekwisha, kodi ya chumba inakaribia, na mama nyumbani ameuliza mara mbili kama mambo yako sawa.

Tangazo hilo lina dosari tano. Siku mbili hazitoshi. Leseni haiwezi kuhakikishwa na yeyote isipokuwa SIA. Kazi ya Ijumaa ijayo itakuwa kazi bila leseni. Mlango pekee uliopo hapa ni mwembamba: kampuni zilizoidhinishwa na SIA kwa mpango maalumu zinaweza kupewa ruhusa ya kumtumia mwombaji anayesubiri uamuzi, na ruhusa hiyo hutolewa kwa maandishi. Malipo kwa mtu binafsi hayaachi njia rahisi ya kudai. Na la tano ni lile la kuuza kazi: kwa mujibu wa Sheria ya Mashirika ya Ajira ya mwaka 1973, wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi wa aina hii ada ya kumtafutia kazi.

Njia iliyo salama ni ndefu zaidi. Mwanafunzi huyu aombe kwanza cheti cha tabia njema kutoka Kenya. Wakati anakisubiri, akague vituo viwili au vitatu, alipie kimoja kwa kadi, ahudhurie siku zote, kisha aombe leseni kwa mkono wake mwenyewe. Hatakuwa kazini Ijumaa ijayo. Lakini atakapokuwa kazini, atakuwa amesimama mahali ambapo hakuna wa kumtoa.

Haki za mnunuzi wa kozi

Kozi ni huduma, na anayeilipia ni mtumiaji mwenye haki. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 humtaka mtoa huduma aitoe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kwa namna aliyoieleza. Kituo kilichoahidi siku saba kikafundisha mbili hakijatimiza mkataba.

Aliyenunua kozi kwa mtandao au kwa simu kwa kawaida ana siku 14 za kubadili nia na kurejeshewa fedha. Lakini akiomba mwenyewe kozi ianze ndani ya siku hizo, anaweza kutakiwa kulipia sehemu aliyokwisha pata, na kozi ikimalizika yote haki hiyo hukoma. Kwa hiyo asikimbilie kuweka alama mahali pa kukubali bila kusoma.

Njia ya kulipa nayo ni ulinzi. Huduma yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, ikilipiwa kwa kadi ya mkopo, humpa mnunuzi haki ya kuidai benki iliyotoa kadi endapo muuzaji atavunja mkataba. Haki hiyo imo katika kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974. Aliyelipa kwa kadi ya kawaida anaweza kuiomba benki yake ijaribu kuyarudisha malipo. Aliyelipa taslimu bila stakabadhi amebaki na neno lake tu.

Atakayeona dalili za udanganyifu aweke ujumbe, stakabadhi na matangazo yote, kisha atoe taarifa kwa taasisi ya vyeti, kwa SIA na kwa polisi. Ushauri wa bure kuhusu haki za watumiaji hutolewa na Citizens Advice.

Leseni ikishapatikana

Mlinzi hutakiwa kuivaa leseni yake mahali inapoonekana wakati wote anapofanya kazi, na kuionyesha anapotakiwa na polisi au ofisa wa SIA. Ikipotea au kuibwa, atoe taarifa mapema. Akihama nyumba, akibadili jina, au akipatikana na hatia, aijulishe SIA. Kuiazimisha leseni kwa ndugu au rafiki ni jambo la hatari kwa wote wawili, hata kama nia ilikuwa kumsaidia apate zamu moja.

Msomaji aliye mteja wa kumbi hizi, asiye na haja ya kuwa mlinzi, naye ana faida hapa. Majina na nambari za wenye leseni huwekwa katika daftari la umma kwenye tovuti ya SIA, na mtu yeyote anaweza kulitazama.

Tena, leseni haimfanyi mlinzi kuwa polisi. Anaweza kumkatalia mtu kuingia, lakini si kwa sababu ya rangi, dini, ulemavu au sababu nyingine zinazokatazwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Anaweza kuweka upekuzi kuwa sharti la kuingia, lakini hawezi kumpekua mtu bila ridhaa yake. Nguvu anayoitumia lazima iwe ya kiasi kinachostahili hali iliyopo. Akizidisha, atajibu mashtaka kama mtu mwingine yeyote, na leseni yake itakuwa mashakani.

Neno kwa wanafunzi wa kigeni

Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba viza hiyo haimruhusu kujiajiri. Baadhi ya kampuni za ulinzi huwalipa walinzi kana kwamba ni watu waliojiajiri, hazikati kodi wala hazilipi likizo. Kwa raia huo waweza kuwa mgogoro wa mshahara. Kwa mwanafunzi ni uvunjaji wa masharti ya viza, na unaweza kumgharimu masomo yake yote. Kabla ya zamu ya kwanza, adai mkataba unaomtaja kuwa mwajiriwa na hati ya mshahara kila anapolipwa, na ahesabu saa zake mwenyewe kwa daftari.

Kuhuisha, na kukataliwa

Leseni inaweza kuhuishwa kuanzia miezi minne kabla ya kumalizika. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, mlinzi wa mlangoni anayehuisha hutakiwa kwanza kupata cheti cha mafunzo ya kujikumbusha, pamoja na cheti hai cha huduma ya kwanza. Asisubiri wiki ya mwisho.

Ombi likikataliwa, au leseni ikifutwa, SIA hueleza sababu kwa maandishi. Mhusika anaweza kukata rufaa mahakamani ndani ya siku 21. Siku hizo huisha upesi, hivyo barua isiwekwe kando ikisubiri kupata ujasiri wa kuifungua.

Maswali ya kujipima

1. Mwenye baa anataka kukuajiri mwenyewe kusimama mlangoni Jumamosi. Je, unahitaji leseni?

2. Uliishi Nairobi hadi mwaka jana. Ni hati gani unapaswa kuitafuta kabla ya kulipia kozi?

3. Kituo kinasema mbinu za kumzuia mtu zitafundishwa kwa video tu. Utafanya nini?

4. Umelipa kozi kwa kadi ya mkopo, kituo kimefungwa kabla ya darasa la kwanza. Utamdai nani?

5. Wewe ni mwanafunzi mwenye viza ya masomo, na kampuni inakutaka ujisajili kama mtu aliyejiajiri. Jibu lako liwe lipi?

Majibu: (1) Ndiyo. (2) Cheti cha tabia njema cha Kenya. (3) Usilipe, na utoe taarifa kwa taasisi ya vyeti na SIA. (4) Benki iliyotoa kadi, kwa kifungu cha 75, iwapo bei inazidi pauni 100. (5) Hapana.

Aliyejibu yote matano bila kurudi nyuma yuko tayari kuanza. Aliyekosa moja asome tena sehemu inayohusika kabla hajalipa chochote.